Kabla Hujalipa Miezi Sita: Kupanga Nyumba ya Kuungana Mwanza

Dalali wa Mwanza akikuambia nyumba iko "hapo juu tu, bosi, dakika tano," muulize ngazi ni ngapi. Jiji hili limejengwa juu ya majabali na katikati ya majabali. Nyumba mbili zenye vyumba vilevile, vigae vilevile na kodi ileile zinaweza kutofautiana kabisa kwa sababu moja iko mita arobaini juu ya mwenzake. Maji lazima yapande, majitaka lazima yashuke, mtungi wa gesi unabebwa begani, na vijana wa kupandisha friji wanahesabu ngazi kwanza ndipo wanataja bei.

Hapa nazungumzia zaidi nyumba za kuungana, zile zinazojengwa mbili, tatu au nne kwa safu chini ya bati moja na ndani ya fensi moja, kila mpangaji akiwa na mlango wake, jiko lake na choo chake. Kiseke, Buswelu, Nyasaka, Nyegezi na Buhongwa utazikuta nyingi. Zinamfaa mtu aliyechoka kupanga foleni ya bafu asubuhi lakini bado mfuko haujafika kwenye nyumba nzima ya kujitegemea. Tatizo lake ni kwamba mengi ya maana hayaonekani: ukuta wa kati, shimo la choo, waya wa umeme, bomba la maji. Unaweza kuwa unachangia vyote hivyo na jirani bila mtu kukuambia.

Na hesabu ya kuingia si ndogo. Tuseme kodi ni shilingi 250,000 kwa mwezi na mwenye nyumba anataka miezi sita kwa mkupuo, kama wengi wanavyotaka. Hiyo ni 1,500,000. Dalali kwa desturi anachukua kodi ya mwezi mmoja, 250,000 nyingine. Ongeza gari la kuhamisha vyombo, vitasa, mapazia na umeme wa kuanzia, unakaribia milioni mbili hujalala hata usiku mmoja. Kasoro ukiigundua wiki ya pili, fedha yako imeshageuka saruji kwenye kiwanja kingine cha mwenye nyumba. Kwa hiyo ukaguzi wote unafanyika kabla, na unafanyika mara mbili: mara moja jua la saa nane mchana, mara nyingine usiku baada ya saa mbili.

Kwanza chagua barabara, kisha mtaa. Ukitoka katikati ya jiji kuna njia kuu tatu. Kenyatta inakwenda kusini, Mkuyuni, Butimba, Nyegezi hadi Buhongwa. Nyerere inakwenda mashariki, Mabatini, Buzuruga, Nyakato hadi Igoma. Makongoro inakwenda kaskazini, Kirumba, Pasiansi hadi uwanja wa ndege. Anayefanya kazi upande wa Kirumba akapanga Buhongwa kwa sababu kodi ni nafuu, kila siku atakuwa anavuka jiji zima, na nauli ya daladala mbili kwenda na mbili kurudi itakula ile nafuu yote. Mvua kubwa ikinyesha, Mto Mirongo unafurika maeneo ya Mabatini na foleni inasimama. Nyumba za bondeni karibu na mto huo zitazame ukutani: mstari wa matope uliokauka, hata ukipakwa rangi juu yake, huacha kivuli, na lipu ya chini hubanduka kama ngozi ya kitunguu.

Sasa maji. Maji ya bomba ya Mwanza yanatoka ziwani. MWAUWASA, mamlaka ya maji ya jiji, inayavuta, inayasafisha, inayasukuma hadi kwenye matangi yaliyo milimani, kisha yanateremka kwa uzito wake yenyewe. Chanzo cha Capri Point kina uwezo wa lita milioni 90 kwa siku, na kile cha Butimba kimeongeza lita milioni 48. Lakini wingi wa maji mtamboni haukusaidii kitu kama nyumba yako iko usawa mmoja na tanki la eneo lako, au juu yake. Ndiyo maana mtu anaweza kuliona ziwa lote kutoka dirishani kwake na bado akanunua maji ya dumu.

Habari za maji usimuulize dalali. Nenda kwa mama anayeuza mboga pale kona.

"Shikamoo mama. Maji mtaa huu yanatoka siku gani?"

"Marahaba mwanangu. Yanatoka, ila usiku."

Hilo "ila usiku" dalali hawezi kukuambia, na maana yake ni kwamba nyumba bila tanki haikai mtu. Baada ya hapo pima mwenyewe. Tafuta bomba la nje linalotoka moja kwa moja kwenye mita, kabla ya tanki, uweke ndoo ya lita 20 na utazame saa. Ikijaa ndani ya dakika moja, msukumo ni mzuri. Ikichukua dakika nne, hiyo ni lita tano kwa dakika, na tanki la lita 1,000 litahitaji saa tatu na dakika ishirini kujaa. Kama maji yanatoka kwa muda wa saa mbili tu kila usiku, tanki halitajaa kwa usiku mmoja.

Kuhusu tanki lenyewe, swali la kwanza ni la nani. Familia ya watu watano inayotumia lita 50 kila mmoja inamaliza lita 250 kwa siku, kwa hiyo tanki la lita 1,000 linaitosha siku nne. Tanki hilohilo likiwa la nyumba nne zilizoungana, linakwisha siku moja, na anayefua mapema ndiye mshindi. Swali la pili ni urefu wa mnara. Kila mita kumi za kimo hutoa msukumo wa karibu baa moja, kipimo cha nguvu ya maji. Tanki likikaa kwenye mnara wa mita tatu na bomba la mvua bafuni likiwa mita mbili kutoka chini, unabaki na mita moja tu ya kimo. Maji yatachuruzika kichwani badala ya kumwagika, na heta ya kuogea haitawaka, kwa sababu heta nyingi huwa na swichi ya ndani inayongoja msukumo wa maji kwanza. Wapangaji wengi hubadilisha heta mbili tatu wakidhani ni mbovu, kumbe kinachohitajika ni kuinua tanki au kufunga pampu ndogo.

Kabla hujaondoka funga koki zote na uitazame mita ya maji. Kale kagurudumu kadogo kakiendelea kuzunguka, kuna bomba linalovuja chini ya sakafu, na litavuja kwenye bili yako. Uniti moja ya maji ni lita 1,000. Choo kinachovuja kimyakimya ndani ya sinki lake kinaweza kumaliza uniti kadhaa kwa mwezi bila mtu kusikia. Kijaribu kwa kudondosha rangi kidogo, hata ya juisi, kwenye tanki la choo. Ikitokea bakulini baada ya robo saa bila mtu kuvuta maji, mpira wa ndani umechoka.

Pale ambapo mita ya maji ni moja kwa nyumba zote, ugomvi unasubiri siku yake. Mmoja ana watoto wanne, mwingine yuko peke yake na hurudi usiku, wa tatu anaosha pikipiki za watu. Kugawa kwa idadi ya nyumba si haki, kugawa kwa vichwa ni afadhali kidogo, na dawa ya kweli ni kila nyumba kuwa na mita yake ndogo baada ya mita kuu. Fundi bomba anafunga kwa nusu siku. Gharama hiyo iwe ya mwenye nyumba, iandikwe kwenye mkataba, na ifanyike kabla hujahamia, kwa sababu ukishahamia itakuwa "tutaangalia."

Majitaka ndiyo yanayosahaulika zaidi, na kwa Mwanza ndiyo yenye tabu zaidi. Kwenye miamba huwezi kuchimba shimo refu. Mafundi huchimba mpaka wanapogonga jiwe, kisha wanainua kuta za shimo juu ya ardhi na kulifunika zege. Shimo la namna hiyo ni fupi, maji hayazami kwenye jiwe, na linajaa haraka. Kwenye nyumba za kuungana shimo mara nyingi ni moja kwa wote. Muulize mwenye nyumba lilinyonywa lini mara ya mwisho, nani alilipa, na gari lilisimama wapi. Hilo la mwisho usiliache. Mpira wa gari la kunyonya una mwisho wake, na nyumba iliyo ngazi sabini juu ya barabara gari halitaifikia. Kwenye baadhi ya milima, kama Igogo na Mabatini, MWAUWASA ililaza mabomba membamba ya majitaka yanayopita katikati ya mawe, na nyumba iliyounganishwa humo ina thamani kuliko nyumba yenye vigae vya kung'aa. Uliza kama imeunganishwa, na uoneshwe chemba, kile kishimo chenye kifuniko cha kukagulia bomba la majitaka.

Kuoneshwa maana yake kifuniko kiinuliwe. Mtu mmoja amwage ndoo tatu za lita 20 chooni mfululizo, mwingine asimame kwenye chemba. Maji yakipita mara moja na chemba ikabaki karibu tupu, ni salama. Yakipita taratibu huku chemba ikijaa na kushuka polepole, kuna kizibo njiani. Chemba ikiwa imejaa kabla hata hujamwaga, shimo limefika mwisho, na wewe ndiye utakayelipia lori la wenzako. Angalia pia kimo: nyumba ya mwisho kwenye safu inayoshuka mlima ndiyo hupokea. Shimo likifurika, uchafu hurudi kwanza kwenye choo kilicho chini kuliko vyote. Ukiwa na uchaguzi kati ya nyumba nne za safu moja, usichukue ya chini.

Ndani ya nyumba, wengi hutazama vigae na makabati ya jikoni. Watazame, si vibaya, ila chukua na meza, upande juu, usukume kifuniko cha dari na umulike tochi ya simu. Unachotafuta ni ukuta wa kati, ule unaowatenganisha na jirani. Je, umefika mpaka kwenye bati, au umeishia usawa wa dari? Nyumba nyingi za kuungana zimejengwa kwa haraka, ukuta ukakatishwa kwenye linta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha, au kozi moja ya tofali juu yake, kenchi, yaani mbao zinazobeba bati, zikapita juu ya nyumba zote kama daraja, na dari ya jipsamu ikaficha siri. Hapo utasikia jirani akikohoa. Akikaanga dagaa, utakula harufu. Moto ukizuka kwake, utapita juu ya dari hadi kwako kabla hujapata viatu. Na mwizi aliyepanga upande wa pili anaweza kutambaa juu ya dari na kushukia chumbani kwako, milango yako yote ikiwa imefungwa kwa kufuli. Kuinua ukuta huo ni kozi chache za tofali na siku mbili za fundi. Mwenye nyumba asiyekubali kufanya hivyo kabla ya kupokea kodi ya miezi sita hatafanya baadaye.

Ukiwa bado juu ya meza, zima tochi. Vitobo vya bati vitaonekana kama nyota. Tazama mbao za kenchi zilizo chini yake: madoa meusi yenye pete ni uvujaji wa muda mrefu. Bati la geji 30 ni jembamba kuliko la geji 28, licha ya namba kuwa kubwa, na mvua ya Mwanza juu ya bati jembamba lisilo na dari nzuri inanyamazisha mazungumzo yote ndani.

Kwenye umeme, anza kwa kuuliza kama kila nyumba ina LUKU yake, yaani mita ya umeme wa kulipia kabla. Ikiwa mnachangia mita moja, hesabu ni hii. Mteja wa nyumbani aliye kwenye kundi la matumizi madogo, D1, hununua uniti 75 za kwanza za mwezi kwa shilingi 100 kila moja, na ukiongeza kodi na tozo inakuwa 122. Mteja wa kawaida, T1, analipa 292, ambayo pamoja na kodi na tozo inakaribia 356. Familia mbili zinazotumia uniti 60 kila moja, kila moja ikiwa na mita yake ya D1, zingelipa 7,320 kila moja. Zikichangia mita moja matumizi yanakuwa 120, mita inahesabiwa T1, na kila familia inalipa 21,360 kwa uniti zilezile 60. Tofauti ya 14,000 kwa mwezi ni zaidi ya 80,000 kwa mkataba wa miezi sita. Ukiambiwa kodi imepunguzwa 10,000 kwa sababu mita ni ya kuchangia, umepunjwa.

Hata ukiambiwa mita ni yako peke yako, hakikisha. Zima meni swichi ya nyumba yako, kisha simama mbele ya mita na utazame taa nyekundu ndogo. Isipopepesa kwa dakika kadhaa, sawa. Ikiendelea kupepesa, kuna waya umechomekwa kabla ya swichi yako, na kuna mtu anapikia umeme wako. Usianze kwa kumtuhumu jirani. Mara nyingi ni taa za uani, pampu ya tanki la wote au banda la kuku la mwenye nyumba, na hata yeye amesahau. Halafu washa tena na uchomeke birika. Mita nyingi zimeandikwa 1000 imp/kWh, yaani taa inapepesa mara 1,000 kwa kila uniti. Birika la wati 2,000 linapaswa kuipepesa karibu kila sekunde mbili. Ikipepesa kwa kasi zaidi ya hapo na hakuna kingine kilichowashwa, endelea kutafuta.

Nunua umeme wa 5,000 siku hiyohiyo ya ukaguzi, hata kama utautoa zawadi. Risiti itakuambia mambo ambayo hakuna atakayekuambia: jina la mwenye mita, kama mita ina deni la nyuma, na kiasi kinachokatwa kama kodi ya jengo. Tangu 2021 kodi hiyo hukatwa kupitia LUKU, na tangu 2023 ni 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, 18,000 kwa mwaka, na 7,500 kwa mwezi kwa kila sakafu ya ghorofa. Hiyo ni kodi ya mwenye nyumba. Kubalianeni mapema itatolewa wapi kwenye kodi ya pango, maana kwa miezi sita ni 9,000 za nyumba ya kawaida. Si fedha ya kugombana, lakini namna mwenye nyumba anavyolijibu swali hilo inakuonesha atakavyolijibu la bati linalovuja. Jengo moja lenye mita nne halipaswi kukatwa mara nne. Likikatwa hivyo, mwenye nyumba aende kuomba irekebishwe.

Heta ya kuogea ndiyo inayowashangaza wageni. Ya kilowati 5.5 ikitumika dakika kumi inakula karibu uniti moja. Watu wanne wakioga hivyo kila siku, mwezi mmoja ni uniti 110, na zile 75 za bei ndogo zimesahauliwa kabla ya tarehe ishirini na moja kuisha. Pia angalia waya wake: heta hiyo inavuta ampea 24 au 25, na waya wa milimita 2.5 wa soketi za kawaida utapata moto ndani ya ukuta. Iwe na waya mnene, milimita 4 au 6, na breka yake yenyewe. Ukigusa bomba la bafuni likakutekenya, erthi, ule waya wa usalama unaokwenda ardhini, haipo au imekatika, na hapo hakuna cha kujadili mpaka fundi umeme aje.

Kwenye mtaa wa mlimani, tembea kuizunguka nyumba. Jabali kubwa lililokaa juu ya jabali lingine limekaa hapo miaka mingi kuliko sisi wote, nalo silo la kukutisha. Linalotisha ni lile lililochimbwa chini yake ili kupata kiwanja. Tazama kama mvua imekomba udongo na kuacha mwanya mpya. Ukuta wa kuzuia udongo nyuma ya nyumba lazima uwe na matundu ya kutolea maji. Usipokuwa nayo, maji hujaa nyuma yake, ukuta unafura tumbo katikati, na siku moja ya masika unalala kwenye dirisha la jikoni. Mahali nyumba inapoegemea jabali, chumba cha upande huo hubaki na joto hadi usiku wa manane, kwa sababu jiwe limekunywa jua mchana kutwa. Ndiyo sababu ya kurudi usiku. Na kama kuna harufu kali ya mkojo kwenye nyufa za mawe, ni pimbi. Hawana ugomvi na mtu, ila wana choo kimoja wanachokirudia daima, na usipange chumba ambacho dirisha lake limekitazama.

Nyumba za ufukweni zina uzuri wake na bei yake. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, kwa hiyo nyumba iliyo ukingoni kabisa inaweza kuwekewa alama ya X ya kubomolewa wakati kodi yako ya mwaka ndiyo kwanza imeingia. Tena ziwa lenyewe husogea. Mwaka 2020 na tena 2024 lilipanda sana na kuingia kwenye viwanja vya watu. Waulize wazee wa hapo maji yalifika wapi miaka hiyo, wakuoneshe kwa kidole. Kuna wadudu wa ziwani wanaoinuka kama moshi na kutua popote penye taa. Wavu wa madirisha wenye matundu ya kawaida ya mbu unawapunguza, lakini taa ya barazani izimwe mapema, la sivyo asubuhi utawazoa kwa ufagio. Na kama nyumba iko karibu na mwalo, pale wavuvi wanapopakua samaki, kwa mfano upande wa Kirumba, nenda siku ya upepo. Harufu ya dagaa wanaoanikwa ni riziki ya watu na haina kosa lolote, ila usiseme hukujua.

Nyumba ikishakuridhisha, geukia mtu. Linganisha jina kwenye risiti ya LUKU, jina kwenye bili ya maji na jina kwenye kitambulisho cha NIDA cha anayepokea kodi. Yakiwa matatu tofauti, kaa chini uulize. Mara nyingi jibu ni kwamba mzee alifariki na nyumba ni ya familia. Hapo omba kuona barua ya mahakama ya msimamizi wa mirathi, na mkataba asaini yeye, hata kama funguo zinashikwa na kaka mkubwa. Nyumba ya mirathi yenye ndugu wasioelewana inaweza kukuletea wapokea kodi wawili, kila mmoja na risiti zake. Mjumbe na mwenyekiti wa mtaa wanazijua familia hizi kwa majina. Pita ofisini kwao kabla ya kulipa, si baada. Dalali alipwe siku mkataba unaposainiwa, si siku ya kuoneshwa.

Kodi italipwa kwa shilingi. Kwenye nyumba za Capri Point na Isamilo zamani ilikuwa kawaida kutajiwa dola, lakini kanuni za mwaka 2025 zimekataza kutaja na kutoza bei za ndani kwa fedha za kigeni. Lipa kwa benki au kwa simu, jina lionekane. Taslimu mkononi mbele ya gari la mizigo lililowashwa ni njia rahisi sana ya kujuta.

Mkataba usiwe ule wa ukurasa mmoja unaouzwa steshenari wenye nafasi za kujaza. Sheria iliyokuwa ikidhibiti kodi za nyumba ilifutwa mwaka 2005, kwa hiyo hakuna kiwango cha juu kinachomzuia mwenye nyumba kupandisha. Kinachomzuia ni kilichoandikwa: kodi haitapanda ndani ya kipindi kilicholipiwa, na taarifa ya kupandisha au ya kuhama itatolewa miezi miwili kabla kwa maandishi. Sheria ya Ardhi ya 1999 nayo inamwekea anayekodisha sehemu tu ya jengo wajibu wa kutunza paa, kuta za nje na kuta kuu, mifereji mikuu na sehemu za pamoja, isipokuwa mkataba useme vinginevyo. Kwa nyumba za kuungana kipengele hiki ni dhahabu. Soma kama mkataba haujakipindua kwa sentensi moja kama "mpangaji atagharimia matengenezo yote." Ukiikuta hiyo, kata, andika "matengenezo madogo ya ndani: balbu, koki, vitasa, vioo," na wote wawili mtie sahihi pembeni. Andika pia nani ananyonya shimo na kwa mgawanyo gani, nani anafagia uwanja, geti linafungwa saa ngapi na nani ana ufunguo. Mambo madogo haya ndiyo yanayowanunisha majirani wa ukuta mmoja.

Siku ya kukabidhiwa, piga video ya kila chumba bila haraka: kioo chenye ufa, kitasa kilicholegea, doa la dari, namba za mita ya maji na ya umeme. Mtumie mwenye nyumba palepale kwenye simu, na ujumbe wa heshima: "Baba, hii ndiyo hali ya nyumba nilivyoikuta leo." Akijibu "sawa," umepata ushahidi kuliko wa shahidi yeyote. Badilisha moyo wa kitasa cha mlango mkubwa siku hiyohiyo. Funguo za mpangaji aliyepita hujui ziko kwa nani.

Mkigombana na kusikilizana kukashindikana, anza kwa mwenyekiti wa mtaa. Halafu kuna Baraza la Kata, ambalo kazi yake ni kupatanisha, na baada ya hapo Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kabla ya yote hayo barua moja iliyoandikwa vizuri, yenye tarehe na nakala kwa mwenyekiti, humaliza mengi.

Ukikaribia kuhama, uniti za LUKU zilizobaki haziendi na wewe. Ziko ndani ya mita na zitamfaa atakayeingia. Kwa hiyo wiki tatu za mwisho nunua za 2,000, 2,000. Bili ya maji nayo hutoka mwezi ukishapita, wewe ukiwa umeshahama. Siku ya kutoka pigeni picha ya mita ya maji pamoja na mwenye nyumba, toeni hesabu ya uniti tangu bili ya mwisho, umlipe palepale, aandike "amelipa" nyuma ya bili ya zamani na kutia sahihi, ndipo umkabidhi funguo.